Equipment haina “s”: mwongozo kwa wanaoandika barua za Kiingereza mwambao wa Ziwa Victoria

Kaa kwenye steshenari yoyote ya Kirumba, jijini Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni, na haitachukua muda kabla hujaona sentensi hii ikitoka kwenye printa: “We request for fishing equipments.” Iko kwenye barua za vikundi vya wavuvi kwenda kwa wafadhili. Iko kwenye maandiko ya miradi ya vizimba vya kufugia samaki, kwenye wasifu wa kijana anayeomba kazi kiwanda cha samaki, na kwenye makadirio ya bei ya fundi wa injini za boti. Mimi kazi yangu ni kuchapa na kusahihisha makaratasi ya namna hiyo, na ningeambiwa nichague neno moja tu la Kiingereza la kuwafundisha watu wa mwambao huu, ningechagua hili.

Sababu ni kwamba kosa lenyewe ni dogo, lakini linabeba mengine matatu au manne mgongoni. Anayeandika “equipments” ataandika pia “these equipments are”, kisha “they were bought”, kisha “each equipment”. Msomaji wa upande wa pili anaielewa barua, ila ameshaanza kuitilia shaka. Na ukilishika neno hili, ndugu zake wote, yaani luggage, furniture, information, advice na wenzao, watakuja wenyewe.

Hatua ya kwanza: jua neno linataja nini

Equipment ni jina la jumla la vifaa vinavyotakiwa kwa kazi fulani. Nyavu, makasia, injini, taa za sola, nanga, kamba, jaketi okozi: vyote kwa pamoja ni “fishing equipment”. Kompyuta, printa na mashine ya kutolea kopi ni “office equipment”. Darubini na mizani za maabara ya shule ni “laboratory equipment”. Wavu mmoja hauitwi “an equipment”. Huo ni “a net”, basi.

Neno lenyewe limezaliwa majini. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na kitenzi cha Wafaransa kinafuatiliwa hadi kwa mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, ambao kwao “skip” ni meli na “skipa” ni kuiandaa meli kwa safari. Kwa hiyo asili yake ni chombo kilichokamilika, tayari kung’oa nanga. Mtu wa boti huwa analielewa hapo hapo nikimweleza hivyo: ukiuliza jioni kama chombo kimekamilika, huulizii kasia la tatu wala taa ya nne. Unaulizia yote kwa mkupuo.

Kuna vitu watu huvisukumia ndani ya equipment visivyohusika. Petroli, oili, barafu na chambo vinatumika vikaisha, kwa hiyo kwenye bajeti ya Kiingereza vikae chini ya “supplies”, neno linalokubali kuwa na “s” bila ugomvi. Wafadhili wengi wanatenganisha mafungu hayo mawili, na bajeti iliyoweka petroli kwenye equipment inaweza kurudishwa. Ghala na choo cha mwaloni si equipment, ni majengo. Boti yenyewe ni afadhali uitaje peke yake: “one fibreglass boat and fishing equipment”. Boti ndiyo ghali kuliko vyote, na huitendei haki ukiificha ndani ya neno la jumla.

Hatua ya pili: ondoa “s”, halafu endelea

Fungua kamusi yoyote nzuri ya wanafunzi wa Kiingereza, iwe ya Oxford, Cambridge au Longman, ya karatasi au ya kwenye simu. Pembeni ya nomino utaona herufi moja, au neno lake kamili, countable au uncountable. C maana yake inahesabika, U maana yake haihesabiki. Equipment ina U. Herufi hiyo ndogo inakuambia mambo mawili kwa pamoja: neno halina wingi wa “s”, na halitanguliwi na “a” wala “an”.

Wengi wakishaambiwa hivyo wanafuta “s” na kuona kazi imeisha. Tazama kinachotokea. Sentensi ya awali ni hii:

“The equipments are old and they need repair.”

Ukifuta “s” peke yake unapata:

“The equipment are old and they need repair.”

Hii ni mbaya kuliko ya kwanza, maana sasa inaonekana kama mtu aliyepitiwa. Inayotakiwa ni:

“The equipment is old and it needs repair.”

“Are” imekuwa “is”, “they” imekuwa “it”, “need” imekuwa “needs”. Neno likishahamia umoja linahama na familia yake nzima. “These equipment” inakuwa “this equipment”. “Those” inakuwa “that”. “Their condition” inakuwa “its condition”. “Have been repaired” inakuwa “has been repaired”.

Kwa nini tunajikwaa hapa? Kwa sababu kichwani tunasema “vifaa”. Vifaa vimechakaa, vinahitaji matengenezo, vyote vilinunuliwa zamani: vi, vi, vi hadi nukta, na mkono unaandika Kiingereza kwa kuufuata mdomo. Lakini ukichimba zaidi utaona tatizo haliishii kwenye ngeli ya ki-vi. Sisi hata kitu kisichohesabika kabisa mara nyingi tunakipa upatanisho wa wingi. Maji yamejaa. Mafuta yamepanda bei. Maziwa yameganda. Habari zimefika. Hakuna anayehesabu maji, na bado yanapata “ya”. Kiingereza kinakwenda njia nyingine: kisichohesabika hukaa kwenye umoja. “The water is rising.” “The milk has gone off.” Hata “news”, yenye “s” ya kuzaliwa nayo, ni “the news is good”. Anayefundisha watoto wa kidato cha kwanza angeanza na maji na maziwa kabla ya kugusa equipment, nadhani angepumua.

Kuna sehemu tatu ambapo hata mwandishi mzoefu huteleza.

Ya kwanza ni “all”, “most” na “some”. Yanasikika kama wingi, lakini mbele ya equipment kitenzi kinabaki umoja: “All of the equipment was lost.” “Most of the equipment has been repaired.” “Some of the equipment belongs to the group.”

Ya pili ni pale equipment inapounganishwa na kitu kingine. Hapo mnakuwa wawili, na wawili ni wingi: “The boat and the equipment were insured.”

Ya tatu ni sentensi ndefu ambamo nomino ya wingi imejipenyeza katikati: “The equipment for the new cages is in the store.” Jicho linaona “cages” na mkono unataka kuandika “are”. Kilichomo stoo si vizimba. Ni equipment, kwa hiyo “is”.

Hatua ya tatu: kiasi, si idadi

Kwa vitu vinavyohesabika Kiingereza kina “many”, “few”, “fewer” na “number”. Kwa visivyohesabika kina “much”, “little”, “less” na “amount”. Kwa hiyo “How much equipment do you have?”, wala si “how many”. “We have less equipment than last year”, wala si “fewer”. “A large amount of equipment”, wala si “a large number”.

Angalia hiyo “how much” inavyoweza kukuchanganya, maana ndiyo hiyo hiyo inayoulizia bei. “How much equipment is there?” inauliza kiasi cha vifaa vilivyopo. “How much is the equipment?” inauliza shilingi ngapi. Ukimwandikia muuzaji wa injini aliyeko nje ya nchi, tofauti ya maswali hayo mawili ni tofauti ya kupata orodha ya vilivyopo stoo na kupata bei.

“Much” nayo ina tabia yake. Inapendeza kwenye swali na kwenye kukanusha: “We do not have much equipment.” Kwenye sentensi ya kawaida ya kukubali inakuwa ngumu masikioni, kama mtu aliyevaa koti la suti mwaloni saa nane mchana. Badala ya “We have much equipment” andika “We have a lot of equipment”. Ukiwa na wasiwasi, kimbilia maneno yasiyo na upande, yanayokubali vinavyohesabika na visivyohesabika: some, any, enough, more, most, all, no, a lot of. “We do not have enough equipment” ni sentensi salama, na kwa vikundi vingi ndiyo ukweli wenyewe.

Halafu kuna “various equipments”. Hiyo nakutana nayo kuliko zote, hasa kwenye wasifu: “I can operate various equipments.” Aliyeandika anakusudia aina mbalimbali, basi aitaje hiyo aina: “various types of equipment”, au “different kinds of equipment”. “S” inahamia kwenye types na kinds, equipment inabaki ilivyo. Ila kwa wasifu mimi ningekwenda mbali zaidi. Mwajiri hajifunzi chochote kwenye “various types of equipment”. Andika mashine yenyewe: “I can operate a forklift and a vacuum packing machine.” Kama huijui mashine yoyote kwa jina, ni vizuri ukaligundua hilo kabla ya usaili.

Hatua ya nne: ukilazimika kuhesabu

Pale Mwaloni hakuna anayekuambia nipe dagaa mia saba. Unaambiwa sado, ndoo, gunia. Dagaa hawahesabiki kwa kazi ile, kwa hiyo kinachohesabiwa ni chombo cha kupimia. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo na equipment, na sado yake inaitwa “piece”. “A piece of equipment” ni kifaa kimoja. “Three pieces of equipment” ni vifaa vitatu. Kinachobeba “s” ni piece, na kitenzi kinamfuata piece: “One piece of equipment is missing.” “Three pieces of equipment were stolen.”

Watu wanaliogopa neno “piece” kwa sababu shuleni waliambiwa ni kipande, na wanaona kama wanasema injini imekatika vipande. Hapa halina maana hiyo. Injini nzima, mpya, iliyotoka kwenye boksi leo, ni “a piece of equipment”. Kwenye nyaraka rasmi, mikataba na madaftari ya mali, utakutana zaidi na “item”: “Each item of equipment must be recorded.” Yote mawili ni sahihi. “Each equipment” na “every equipment” siyo.

Lakini ushauri wangu wa kweli ni huu: ukiona unataka kuhesabu, liache neno equipment na utaje vitu kwa majina yake. Mwenyekiti mmoja wa kikundi alikuja na daftari, barua yake inahusu hasara ya dhoruba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Niandikie kwamba ziwa limetuchukulia equipment tano.”

“Tano zipi, mzee?”

Akaanza kukunja vidole. Injini moja. Nyavu mbili, za sangara. Taa mbili za sola. Nikamwonyesha sentensi kwenye skrini: “The storm destroyed one outboard engine, two Nile perch nets and two solar lamps.” Akaisoma kwa sauti, taratibu, akauliza mbona equipment haimo. Nikamwambia haihitajiki, kila kilichopotea kimeshatajwa. Akatikisa kichwa. Alilitaka lile neno kubwa. Tukakubaliana liingie kwenye mstari wa juu, mahali panapolistahili: “Loss of fishing equipment”. Hapo limekaa vizuri, maana ni kichwa cha habari na linazungumzia hasara yote kwa ujumla.

Huo ndio mgawanyo ninaoutumia siku zote. Equipment kwenye kichwa cha barua, kwenye sentensi ya kwanza na kwenye jina la fungu la bajeti. Majina ya vitu na idadi zake kwenye mwili wa barua. Afisa anayepitisha fedha hawezi kununua “equipment”. Anaweza kununua nyavu sita.

Barua moja kabla na baada

Hii nimeitunga kwa kuunganisha barua nyingi za aina moja:

“We are a group of 15 fishers from Igombe. We request for modern equipments because these equipments which we are having are very old. Many equipments were bought in 2012 and they are not safe. Each equipment will be kept in our store.”

Na hii ni ile ile baada ya kufanyiwa kazi:

“We are a group of 15 fishers from Igombe. We are writing to request modern fishing equipment. Most of the equipment we have now was bought in 2012 and is no longer safe. We need one outboard engine, six gillnets with a six-inch mesh and ten life jackets. Each item will be recorded and kept in our store.”

Tazama “many equipments were” ilivyogeuka “most of the equipment was”. Tazama pia “each item”: hapo hata “of equipment” nimeiacha, kwa kuwa msomaji ameshajua tunazungumzia nini. “Request for” imekwenda, maana “request” ikiwa kitenzi haihitaji “for”. Unasema “request equipment”, ila “a request for equipment” ikiwa nomino. Na “which we are having” imekuwa “we have”. Kumiliki kwa Kiingereza hakusemwi kwa “-ing”.

Hizo inchi sita za tundu la wavu sikuziweka kwa mapambo. Barua inayotaja kipimo inaonyesha kwamba kikundi kinajua sheria ya uvuvi inasemaje kuhusu nyavu za makila, yaani hizo gillnets. Kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, hilo usiliombe kwa lugha yoyote.

Kitenzi kinachokuokoa

Ukiona nomino inakusumbua, tumia kitenzi chake: equip. “We want to equip two boats with solar lamps.” “The boat is equipped with ten life jackets.” Ukitaja kifaa, neno la kuunganishia ni “with”, si “of” wala “by”. Mtu au mahali penye vifaa vya kutosha ni “well equipped”, pasipo navyo ni “poorly equipped”. “Our clinic is poorly equipped” inasema kwa maneno matano yale ambayo wengine wanayazungushia mistari miwili ya equipments.

Kwenye tahajia, equipped ina p mbili, equipment ina p moja, na kati ya p na m hapana “e”. Ile “equipement” yenye “e” katikati ni ya Kifaransa, na wateja wangu wanaofanya biashara na Warundi na Wakongo huja nayo mara kwa mara. Matamshi ni i-KWIP-menti, mkazo kwenye “kwip”. Sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa kwa bahati ndiyo hiyo hiyo, kwa hiyo hatuna kisingizio. Hiyo “i” ya mwisho niliyoiandika ni ya kukusaidia kusoma tu, usiitamke.

Vifaa vya usalama

Hapa ninatumia dakika za ziada na kila mwenye chombo, kwa sababu makaratasi ya usalama husomwa kwa makini kuliko barua nyingine. “Safety equipment” ni vifaa vyote vya usalama. “Life-saving equipment” ni vile vya kuokolea maisha majini: jaketi okozi, maboya ya kurusha. “Firefighting equipment” ni vya kuzimia moto. Vyote viko umoja: “The life-saving equipment is stored under the front seats.”

Usichanganye na “kit”. Kit ni seti iliyofungwa pamoja kwenye boksi au mfuko, nayo inahesabika: “one first aid kit”, “two first aid kits”. Kwa boti ndogo, “a first aid kit” inaeleweka haraka kuliko “first aid equipment”.

Kisha kuna PPE, yaani “personal protective equipment”, ambayo tangu enzi ya UVIKO-19 kila mtu anaijua: barakoa, glavu, miwani, buti. Herufi ya mwisho ndiyo equipment yetu yenyewe, kwa hiyo “PPE is provided”. “PPEs” utaiona kila mahali, mpaka kwenye mabango ya viwanda. Kwenye hati unayoisaini wewe, acha “s” nje.

Mahali ambapo “s” imekubalika, na kwa nini equipment haimo

Mwanafunzi wa chuo cha uvuvi pale Nyegezi atanipinga hapa, na atakuwa na hoja. Neno “gear” nalo ni zana kwa ujumla na kwa kawaida halihesabiki: “Our fishing gear is in the boat.” Lakini wataalamu wa uvuvi wanaandika “fishing gears” wakimaanisha aina za zana, yaani nyavu za makila upande mmoja, ndoano za kaputi upande mwingine, kokoro kwingine. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linaandika hivyo. Kwa hiyo kwenye ripoti ya utafiti “gears” ni sawa, alimradi unazungumzia aina.

“Fish” ina tabia hiyo hiyo. Sokoni ni “one fish, three fish”, bila “s”. Mwanabiolojia akizungumzia spishi anaandika “fishes”, na ziwa letu limempa kazi ya kutosha: furu peke yao walikuwa mamia ya spishi kabla sangara, aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950, hajawapunguza vibaya miaka ya 1980. “The fishes of Lake Victoria” ni Kiingereza safi. “I bought three fishes” inashangaza.

Equipment haina mlango huo siku hizi. Zamani ulikuwepo, kwani maandishi ya kijeshi ya karne ya 19 yana “equipments” ndani yake, na leo utaikuta kwenye matangazo ya zabuni, kwenye mabango ya maduka na kwenye Kiingereza kingi cha India na cha kwetu. Sina ugomvi na bango la duka. Mteja anaingia, ananunua, anaondoka. Kwenye kundi la WhatsApp la wavuvi pia sioni haja ya kumrekebisha mtu. Mtihani, mkataba na andiko la kuomba fedha ni mambo mengine, na hapo sikubali hata “s” moja inipite.

Ndugu zake, kwa haraka

Luggage: pale stendi ya Nyegezi au uwanja wa ndege, “my luggage is here”, na ukihesabu ni “two bags” au “two pieces of luggage”. Furniture: fundi seremala anatengeneza “furniture”, anauza “four chairs”. Machinery haihesabiki, machine inahesabika. Vivyo hivyo tool, device na appliance zinahesabika, kwa hiyo mtu anayetaka “s” kwa nguvu zote na aandike “tools” au “devices”. Information, advice, research, feedback, evidence: zote bila “s”. Software na hardware nazo. Hata stationery, bidhaa ninazouza mwenyewe, haina wingi: ni “office stationery”, halafu kalamu na madaftari kwa majina yake.

Ukaguzi wa mwisho kwenye kompyuta

Usiitegemee programu ya kuchapia ikuchoree mstari mwekundu. Kazi yake kubwa ni tahajia, na “equipment are” haina kosa la tahajia. Bonyeza Ctrl na F, andika equipment, kisha simama kila inapokupeleka. Angalia kushoto kwanza: kama kuna an, many, few, these, those, each, every, several au various, rekebisha. Kisha angalia kulia hadi mwisho wa sentensi, na sentensi inayofuata: are, were, have, need, they, them, their. Kiwakilishi cha sentensi inayofuata ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. “The equipment arrived on Monday. They were inspected…” Nani walikaguliwa? Weka “It was inspected”.

Usitumie ile amri ya kubadilisha zote kwa mpigo, kufuta “s” kwenye waraka mzima kwa kubonyeza mara moja. Itafuta “s” na kuacha “are” zote zikining’inia, na sasa hutazipata kwa urahisi kwa sababu alama uliyokuwa ukiifuata imeshaondoka.

Kama kuna orodha ya mali mwishoni, ipe jina “Equipment list” na safu nne: Item, Quantity, Condition, Year bought. Chini ya Item ni majina ya vitu tu. Ukimaliza kujaza, neno equipment litakuwa limeonekana mara moja kwenye ukurasa wote, pale juu, na orodha iko tayari kupigwa mhuri.